Kusoma na Kufafanua: Ualimu, Fasihi ya Kiingereza na Safari ya Imani Yetu

Jumapili moja, baada ya sadaka na kabla ya baraka, mwinjilisti wetu alisimama kusoma majina ya vijana wa usharika waliochaguliwa kwenda chuo kikuu. Kijana wa kwanza alikuwa amepata udaktari, na kanisa lilijaa vigelegele. Wa pili alipata uhandisi, vigelegele tena. Kisha likasomwa jina la binti mmoja wa kwaya: shahada ya sanaa na elimu, masomo ya kufundishia Kiingereza na fasihi. Makofi yalipigwa, lakini ya adabu tu. Nyuma yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Masikini, ameishia ualimu." Alidhani ananong'ona. Binti alisikia, nami nilisikia, na mimi ndiyo kazi niliyoifanya hadi nikastaafu.

Baada ya ibada baba yake alinifuata chini ya mwembe. "Mwalimu," aliniambia, "hebu mshauri huyu mtoto abadilishe kozi. Hadithi za Wazungu zitamsaidia nini? Na mbele za Mungu zina faida gani?" Nilimjibu kwa maneno machache, lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Insha hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Si jibu la mishahara wala la ajira, maana hayo yeye anayajua vizuri kuliko mimi. Ni jibu la historia, kwa sababu swali lake ni la zamani, na katika nchi yetu wapo watu walioliishi kabla yetu.

Palepale langoni

Tuanze na Maandiko. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, watu waliorudi kutoka uhamishoni wanakusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake na wote walioweza kuelewa. Ezra anapanda jukwaa la mti na kusoma torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri. Lakini habari haiishii kwenye kusoma. Walawi wanapita katikati ya watu na kuwaeleza maana, mpaka watu wanaelewa. Wanapoelewa, wanalia, na wanapotulizwa, wanakwenda kula na kunywa na kuwapelekea mafungu wale wasio na kitu.

Pale langoni palikuwa na kazi mbili. Kwanza kulikuwa na mtu aliyeyajua maandiko kwa undani. Pili kulikuwa na watu waliojua namna ya kuyafikisha kwa mkulima, kwa mjane na kwa kijana aliyezaliwa ugenini. Ukiondoa kazi ya kwanza, Walawi hawana la kufafanua. Ukiondoa ya pili, Ezra anasoma hadi jua la utosi na watu wanarudi nyumbani kama walivyokuja. Vyuo vikuu vyetu vinapomsomesha kijana fasihi upande mmoja na elimu ya ualimu upande wa pili, vinarudia mgawanyo huohuo. Anajifunza kusoma kitabu kwa kina. Halafu anajifunza saikolojia ya mtoto, mitaala, mbinu za kufundishia na upimaji. Kisha anapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, asimame mbele ya watoto halisi wenye njaa na usingizi na maswali.

Kiwanda cha uchapaji Unguja

Sisi Wakristo wa pwani na bara tulikutana mapema na fasihi ya Kiingereza kwa mkono wa Kanisa. Mwaka 1864 kasisi Mwanglikana aitwaye Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, wakiwa wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Steere alijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji, akaandika sarufi, akakusanya hadithi za Waswahili, na baadaye akatafsiri Agano Jipya. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi na kuchapa.

Mwaka 1867 mtambo ule ulitoa kijitabu kiitwacho "Hadithi za Kiingereza". Ndani yake zilikuwamo hadithi chache zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, zikiwa zimechukuliwa katika masimulizi mafupi ambayo Charles na Mary Lamb waliwaandikia watoto wa Uingereza mwaka 1807. Mojawapo ilikuwa ya yule mfanyabiashara wa Venisi aliyeweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake.

Fikirini mahali pale na mwaka ule. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilikuja kufungwa mwaka 1873. Katika mji ambao mwili wa binadamu ulikuwa na bei, vijana ambao wao wenyewe waliponea chupuchupu kuuzwa walikuwa na Kiswahili cha hadithi inayouliza kama mwili wa mtu unaweza kuwa malipo ya deni. Sijui mwanafunzi gani angehitaji kuelezwa maana ya hadithi hiyo. Baadaye Steere, akiwa askofu, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko lenyewe, naye amezikwa humo nyuma ya altare.

Chuo cha misheni hiyo, Mtakatifu Andrea cha Kiungani, kiliwaandaa vijana hao kuwa walimu na baadhi yao mapadre. Katika miaka ya 1920 kilihamishiwa bara, Minaki, katika vilima vya Kisarawe. Kwetu sisi Walutheri hili si geni. Martin Luther alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg kabla ya kuwa lolote lingine katika historia, na mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kufundisha lugha, kwa kuwa aliona Injili haiwezi kutunzwa na watu wasiojua lugha. Hao waliotuletea kanisa walijenga darasa na kanisa kwa pamoja, na mara nyingi jengo lilikuwa lilelile. Ndiyo maana hadi leo katika vijiji vingi neno "mwalimu" linaweza kumaanisha mtu wa shule au mtu wa kanisa, na lazima uulize ni yupi.

Mtoto wa Butiama

Sasa nije kwa mtu ambaye taifa zima lilimwita kwa jina la kazi yake. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alianza shule Musoma akiwa na miaka 12 hivi, akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, alibatizwa katika misheni ya Nyegina. Makerere haikuwa bado chuo kikuu kamili. Ilikuja kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Nyerere alichukua mafunzo ya ualimu na kumaliza mwaka 1945. Kisha akafundisha katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Maria, Tabora.

Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskochi, akasoma shahada ya sanaa hadi mwaka 1952. Miongoni mwa masomo yake yalikuwamo Kiingereza, historia, uchumi na falsafa ya maadili. Aliporudi alifunga ndoa na Maria Gabriel, naye pia mwalimu, na akaajiriwa katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, si mbali na Minaki niliyoitaja. Alifundisha historia, Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1954 TANU ilianzishwa, naye akiwa rais wake. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa kuitetea Tanganyika, ilimbidi achague kati ya darasa na siasa, akaacha kazi. Katika maisha yake alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, lakini siasa zilimtokea tu.

Hadi hapo habari hii mnaijua. Watu wengi huisimulia kana kwamba ualimu ulikuwa ngazi, na alipofika juu akaisukuma. Mimi naona ushahidi unasema kinyume. Mwaka 1963, mwaka uleule ambao makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, rais wa nchi changa yenye kazi tele alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 aliitoa upya akiwa ameisahihisha, na mwaka huohuo akachapisha "Mabepari wa Venisi". Alieleza kwamba Kiswahili ni lugha tamu na pana, lakini upana wake utaongezeka tu kikitumiwa kwa kazi mpya. Hayo ni maneno ya mwalimu anayempa mwanafunzi zoezi gumu kwa sababu anaamini analiweza.

Tazameni vitabu alivyochagua. Katika kile cha kwanza, watu waheshimiwa wanamuua mtawala wao kwa jina la uhuru, na matokeo yake si uhuru bali vita. Humo mna pia mshairi maskini anayeuawa na umati wenye hasira kwa sababu tu jina lake linafanana na la mtu mwingine. Mwaka mmoja baada ya tafsiri ile kutoka, Januari 1964, wanajeshi wa Tanganyika waliasi, na nchi ikaonja jinsi utawala unavyoweza kuyumba kwa usiku mmoja. Na sisi tuliowahi kuona kikongwe akishambuliwa kijijini kwa tuhuma za uchawi tunaujua umati ule wa Roma.

Katika kitabu cha pili, Nyerere hakuandika "mfanyabiashara", mmoja. Aliandika "mabepari", wengi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na alikuwa akisoma hadithi ile kwa macho ya nchi yake. Kufafanua ni kazi ya namna hiyo: ni kuamua neno gani litamfikisha msikilizaji kwenye jambo lenyewe. Pale mahakamani, mwanamke aliyejigeuza wakili anamkumbusha mdai kwamba haki peke yake isingemwokoa hata mmoja wetu, na kwa hiyo sote tunaoomba rehema tunapaswa kuitoa. Mkristo anayejua sala ya Bwana anaitambua hoja hiyo mara moja. Lakini kitabu hichohicho kinamtendea Myahudi kwa dhihaka, na mwishoni wanaojiita Wakristo wanamlazimisha abadili dini ili asipoteze kila kitu. Hapo lazima tuinamishe vichwa. Anayebatizwa kwa kutishwa hajahubiriwa Injili. Mwalimu mzuri wa fasihi hatalificha hilo; atawaacha wanafunzi walione, na atawauliza ni nani leo tunayemcheka kwa sababu ya kabila lake au dini yake.

Jambo la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Akiwa mzee aliyekwisha kung'atuka, Nyerere alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, na mwaka 1996 zikachapishwa na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda. Utenzi ni chombo cha pwani, kilichobeba mafundisho ya dini kwa karne nyingi miongoni mwa ndugu zetu Waislamu. Mtoto wa Butiama aliyesomea Kiingereza Uskochi alimaliza safari yake kwa kuketi na kuhesabu mizani ili Luka na Yohana waimbike. Alifariki mwaka 1999. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Tusimpambe kupita kiasi

Historia ya kanisani haina haja ya kufuta machozi ya watu. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ya Nyerere ilitwaa shule za makanisa, zikiwamo zetu Walutheri, na Pugu iliyompa yeye ajira nayo ikatwaliwa. Wazee wetu waliobeba mawe na kuchoma matofali walijisikia kunyang'anywa. Nilisikia uchungu huo nyumbani nilipokuwa mdogo, na siuiti uchungu wa bure. Hata hivyo, nafasi zile zilifunguliwa kwa watoto wa imani zote na wasio na imani. Yote mawili ni kweli. Mwalimu aliyelelewa na shule ya Kanisa aliiondoa shule hiyo mikononi mwa Kanisa kwa hoja kwamba mlango wake ulikuwa mwembamba. Tunaweza kulalamikia njia aliyotumia, lakini swali lake lilikuwa la Nehemia: je, wamo wote wanaoweza kuelewa?

Wakati huohuo swali la fasihi nalo lilikuwa linaulizwa jirani. Mwaka 1968, katika chuo kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa hoja kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo, ile ya Ulaya ije baada yake. Hawakuwa wanachoma vitabu. Walikuwa wanauliza kwa nini mtoto wa Kiafrika aanze kujitazama katika kioo cha jirani kabla ya kujitazama katika kioo cha nyumbani. Matunda yake tunayaona. Katika sekondari zetu, somo la Kiingereza limewapa watoto kusoma Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye "Song of Lawino" yake ilizaliwa kwanza katika Kiacholi, na Wole Soyinka wa Nigeria, ambaye katika tamthilia yake kuhusu Ndugu Jero anatuchekesha kwa nabii wa ufukweni anayewageuza waumini kuwa mtaji. Baba yule wa chini ya mwembe aliziita hadithi za Wazungu. Laiti angejua kwamba binti yake atafundisha watoto kumtambua nabii wa uongo!

Deni letu

Katika miaka ya 1990 makanisa yalirudi kwa nguvu kwenye elimu ya juu, na KKKT ikaanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini. Mwaka 2007, kule Magamba, Lushoto, kikafunguliwa chuo chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikiwaandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Hapo naona uzi ule ule: Kanisa likitafuta waliobaki nje ya lango na kuwapelekea mtu wa kuwafafanulia.

Lakini majengo na shahada havitoshi. Niliwahi kukutana na walimu waliolijua somo vizuri ajabu, ila wakaligeuza fimbo ya kuwadhalilishia watoto wasiojua Kiingereza. Mtoto aliyekosea neno alichekwa mpaka akanyamaza mwaka mzima. Na kuna siku nilikuwa mmoja wao. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anaona heri maneno matano yanayoeleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka. Mwalimu Mkristo wa Kiingereza aandike jambo hilo mlangoni mwa darasa lake. Lugha ya kigeni ni mlango wa kumwingiza mtoto. Akiitumia kuwa ukuta, ameikana kazi yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule baba ni hili. Fasihi inampa binti yako kitu cha kusema, kwa kuwa inamfundisha kuingia katika moyo wa mtu asiyefanana naye, na bila hilo amri ya kumpenda jirani hubaki maneno. Ualimu unamwonyesha ni nani wa kumwambia na kwa namna gani. Faida yake mbele za Mungu itapimwa kwa jambo moja: atakaporudi kutoka mbali, atawaletea nini wale ambao hawakwenda? Vijana wa Unguja walichapa kwa Kiswahili. Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili. Wote walikula mezani kwa mgeni, wakakumbuka kupeleka mafungu kwa wasio na kitu.

Binti yule hakubadilisha kozi. Alihitimu, na kama wenzake wengi bado anasubiri ajira huku akijitolea katika shule moja ya kata. Sitasema uongo kwamba ni rahisi. Kuna mwezi nauli humshinda. Lakini kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa usharika wetu, anakaa na watoto na wasichana wa kazi za ndani ambao hawakumaliza shule. Wanasoma hadithi kwa Kiingereza polepole, kisha anawauliza kwa Kiswahili imewaambia nini. Mwezi uliopita nilimkuta baba yake ameketi benchi la nyuma, kofia mkononi, anasikiliza.

Mwaka huu majina ya waliochaguliwa vyuo yatasomwa tena. Likitajwa la kijana anayekwenda kusomea ualimu, wapendwa, tumpigie vigelegele kama tulivyompigia daktari. Halafu tukusanye nauli yake.